Istilahi Mbele ya Swali: Uhakiki wa Majina ya Mawimbi Yanapokutana

Istilahi mpya aghalabu hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni sarufi: je, neno limeundwa kwa kufuata taratibu za Kiswahili? Ya pili ni ulinganifu: je, maana yake inakaribiana na ile ya neno la kigeni linalofasiriwa? Mizani hizo ni za haki, wala hatukusudii kuzitupa. Hata hivyo, katika taaluma ya fizikia iko mizani ya tatu ambayo mara nyingi husahauliwa, nayo ni swali la hesabu. Mwanafunzi akiketi mbele ya swali, kalamu mkononi, istilahi iliyomo ndani ya swali hilo humwelekeza kwenye hatua ya kwanza ya kazi. Neno jema humwonyesha la kufanya. Neno baya, hata likiwa zuri masikioni, humpeleka kwenye kanuni isiyohusika.

Katika makala haya tumekusudia kuyapima kwa mizani hiyo majina ya sehemu moja ya somo la mawimbi, yaani yale ambayo walimu wetu huyatamka superpozisheni, intaferensi na difraksheni, pamoja na maneno madogo yanayoyazunguka. Tumeichagua sehemu hiyo kwa sababu ndiyo ambayo wanafunzi wengi huihesabu kuwa ngumu, na kwa sababu tunaamini kwamba sehemu ya ugumu huo imo katika maneno.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini tujisumbue, ilhali nchini Tanzania fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiingie madarasa ya sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia, lakini kamusi haiwezi peke yake kulifanya neno liishi. Jibu letu ni kwamba Kiswahili kimo darasani tayari. Mtoto huanza sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na hata huko sekondari mwalimu akiona nyuso zimeduwaa hugeukia Kiswahili ili aeleze. Basi maneno yanatumika leo, yawe yamesanifiwa au hayakusanifiwa. Lililobaki ni kuchagua kama yatatumika kwa mpango au kwa kubahatisha.

Jambo lenyewe

Kabla ya kulihukumu jina, yafaa tulijue jambo. Mawimbi mawili yakikutana majini, maji ya mahali hapo hayachagui kulifuata moja na kuliacha jingine. Huyatii yote mawili kwa pamoja. Wimbi moja likitaka kuyainua kwa sentimita 4 na la pili kwa sentimita 3, maji huinuka sentimita 7. La kwanza likitaka kuyainua sentimita 4 na la pili kuyashusha sentimita 3, maji huinuka sentimita 1 tu. Baada ya kukutana, kila wimbi huendelea na safari yake kama kwamba halikukutana na mwenzake. Halikupunguka, halikugeuzwa njia, wala halikubadilika sura. Hiyo ndiyo kanuni yote, na kazi yake ni moja: kujumlisha, huku ukiangalia alama ya kuongeza na ya kutoa.

Katika mwanga liko jambo la kuongezea. Jicho halioni upeo wa wimbi bali huona ukali wa mwanga, na ukali hufuata kipeo cha pili cha upeo. Mawimbi mawili yaliyo sawa yakikutana kilele kwa kilele, upeo huwa mara 2 na ukali huwa mara 4. Yakikutana kilele kwa bonde, upeo huwa sifuri, na ukali sifuri. Kwa hiyo mtatuzi wa swali ana hatua mbili, na mpangilio wake haubadiliki: kwanza ajumlishe, kisha azidishe jumla kwa yenyewe. Anayezigeuza hatua hizo hupata jibu la 2 kila mahali na haoni giza popote.

Kutokana na hayo tunapendekeza kanuni hii iitwe mjumliko wa mawimbi. Neno limetoka katika jumla na jumlisha, maneno ambayo mtoto ameyajua tangu darasa la kwanza, na umbo lake ni lile la mzunguko na mkusanyiko. Mfasiri anayeshikilia asili ya neno la Ulaya, lenye maana ya kuweka kitu juu ya kingine, huenda akapendelea mpandano au mlaliano. Lakini vitu vilivyolaliana hubaki viwili, kimoja kikikifunika kingine, na fikra hiyo haimwambii mwanafunzi achukue hatua yoyote. Zaidi ya hayo, vitenzi kupandana na kulaliana vina matumizi ya faragha ambayo yatalifanya darasa la vijana lisahau mawimbi.

Mwingiliano na lawama zake

Neno ambalo mfasiri hulifikia upesi kwa intaferensi ni mwingiliano. Tukilichungulia tutaona kwamba lina sifa moja kubwa: kiambishi -an- cha kutendana kinaonyesha kuwa hakuna mkosaji na mkosewa, kila wimbi linaingia katika mwenzake. Katika hilo Kiswahili kimelizidi neno la Kiingereza. Thomas Young, tabibu aliyesoma hotuba yake ya mwanga mbele ya Royal Society mjini London mwezi Novemba mwaka 1801, alilichukua neno la kawaida la lugha yake, na neno hilo lina asili ya Kifaransa cha kale chenye maana ya kupigana. Waingereza walilitumia hata kwa farasi agongaye mguu mmoja kwa mwingine akitembea. Lawama imo ndani ya neno, ilhali katika jambo lenyewe hamna lawama.

Pamoja na sifa hiyo, mwingiliano haufai, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba neno hili lina kazi nyingine katika fizikia hiyo hiyo. Sumaku mbili zikivutana, au chaji mbili zikisukumana, twasema zina mwingiliano, maana kila moja inaibadilisha hali ya nyingine. Lakini mawimbi tunayoyazungumzia hayabadilishani lolote. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na haki ya kujumlisha. Kama yangebadilishana, jumla ya kawaida isingetosha. Tukiyaita mambo haya mawili kwa jina moja, tumeyafananisha mambo yanayopingana.

Sababu ya pili ni kivuli cha kitenzi ingilia. Anayeingilia kati huharibu. Kutokana na kivuli hicho hupatikana tafsiri za mwingiliano haribifu na mwingiliano jenzi. Hebu tumwulize mwanafunzi aliyefundishwa maneno hayo: mahali penye giza, nishati ya mwanga imekwenda wapi? Atajibu, na neno litamuunga mkono, kwamba imeharibiwa. Jibu hilo ni kosa. Kila mwanya ukitoa ukali wa 1, jumla ya kawaida ni 2. Penye mwanga tunapata 4, penye giza tunapata 0, na wastani wa 4 na 0 ni 2. Hakuna kilichoharibika, bali kimegawanywa upya. Basi aina hizi mbili ziitwe kwa kazi zake: kuongezana na kupunguzana. Na pale tu ambapo mawimbi mawili yana upeo sawa na yanakutana kilele kwa bonde ndipo pasemwe kufutana. Tofauti ya kupunguzana na kufutana si ya mapambo. Tutaiona baadaye ikiamua jibu la swali.

Sababu ya tatu ni staha. Kitenzi ingilia, kama kila Mswahili ajuavyo, kina maana ya unyumba. Mwalimu aliyezoea atasema kuwa darasa hucheka siku ya kwanza tu. Huenda ni kweli, lakini pakiwa na neno jingine hakuna faida ya kuinunua hata siku hiyo moja.

Wengine watapendekeza makutano ya mawimbi, kwa mfano wa makutano ya barabara. Mfano ni mzuri, kwani barabara hukutana kisha kila moja ikashika njia yake. Lakini neno hili lina kasoro inayojitokeza mara tunapofika kwenye taa mbili. Mwanga wa taa mbili za chumbani hukutana ukutani kila usiku, na hatuoni milia ya giza. Sababu ni kwamba mawimbi ya taa hizo hayashiki awamu thabiti. Tofauti ya awamu baina yake hubadilika upesi mno, na jicho huona wastani tu. Kinachoitwa intaferensi ni mjumliko ambao tofauti yake ya awamu imetulia, hata sura yake ikaonekana. Kwa hiyo tunapendekeza mjumliko thabiti. Faida yake ni kwamba mwanafunzi huona mara moja kuwa hili si jambo jipya bali ni kanuni ile ile yenye sharti moja la ziada, na sharti lenyewe limetajwa ndani ya jina.

Swali la mianya miwili

Tuyajaribu maneno hayo kwa swali ambalo hupatikana, kwa tarakimu mbalimbali, katika vitabu vyote vya somo hili. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 600 unapita katika mianya miwili iliyoachana kwa milimita 0.25, kisha unaangukia kiwambo kilicho umbali wa mita 1.5. Je, mlia wa tatu wa giza uko umbali gani kutoka mlia wa kati?

Tumesema mlia kwa makusudi. Wengine huandika ukingo, wengine pindo, kwa kulifuata neno la Kiingereza lenye maana ya matamvua ya nguo. Kiswahili hakihitaji kuazima tamvua ilhali kina punda milia. Mlia mweupe na mlia mweusi vikipokezana kwa upana ulio sawa, hiyo ndiyo picha inayoonekana kiwamboni.

Mwanafunzi aliyefundishwa mjumliko thabiti atajiuliza: mawimbi mawili yanafika hapa yakiwa na tofauti gani ya njia? Penye giza, tofauti hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi, au 1.5, au 2.5. Mlia wa tatu wa giza ni ule wa 2.5, yaani tofauti ya njia ya nanometa 1500. Umbali kati ya mlia mmoja wa mwanga na unaofuata ni nanometa 600 mara mita 1.5, kugawanya kwa milimita 0.25, ambao ni milimita 3.6. Zidisha kwa 2.5 upate milimita 9.0.

Hapa pana mtego wa lugha ambao hauna uhusiano na hesabu. Mlia wa kwanza wa mwanga ni upi? Je, ni ule wa katikati, au ni ule unaoufuata? Katika Kiswahili cha kawaida, kitu cha kwanza ni kile tunachoanza nacho, na macho huanzia katikati. Lakini kanuni huuhesabu ule wa katikati kuwa ni wa sifuri. Lugha za Ulaya zina mtego huo pia, nazo zimeuacha tu. Sisi tuna nafasi ya kuutegua kwa kukubaliana kwamba ule wa katikati hauhesabiwi bali huitwa mlia wa kati, na hesabu huanza baada yake, kila upande kwa zamu yake. Mwenye kutunga mitihani na atumie hivyo daima.

Kuhusu urefu wa wimbi nako tuna neno la tahadhari. Katika Kiswahili mtu mrefu na kamba ndefu huelezwa kwa sifa moja. Basi mwanafunzi akisikia urefu wa wimbi aweza kufikiri tunapima kwenda juu. Neno limekwisha kuzoeleka, na hatupendekezi kulibadili. Lakini kila kitabu kinapolitaja mara ya kwanza kionyeshe kuwa hupimwa toka kilele hadi kilele, na kwamba kwenda juu kunaitwa kimo. Kionyeshe pia kuwa kimo, kutoka bonde hadi kilele, ni mara mbili ya upeo, ambao hupimwa kutoka usawa wa maji yaliyotulia. Anayechanganya kimo na upeo hukosea mara 2, na akifika kwenye ukali hukosea mara 4.

Ubaya wa masafa

Hakuna neno la mawimbi lililobebeshwa mzigo kama masafa. Kwa msafiri, masafa ni umbali. Kwa msikilizaji wa redio, masafa mafupi na masafa ya kati ni namna za kurusha matangazo. Kwa fundi wa mitambo, masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Watu watatu hao hawakosani kwa kuwa hawakutani katika sentensi moja. Katika swali la fizikia hukutana.

Tuseme swali linasema hivi: vipaza sauti viwili vinatoa sauti ileile kwa awamu moja. Msikilizaji yuko mita 5.0 kutoka cha kwanza na mita 6.5 kutoka cha pili. Mwendo wa sauti ni mita 340 kwa sekunde, na kila kipaza sauti hutoa mitetemo 340 kwa sekunde. Kwa kutumia tofauti ya masafa, eleza atakachosikia.

Mwanafunzi anayesoma masafa kwa maana ya umbali hupata tofauti ya mita 1.5. Urefu wa wimbi ni mita 1, basi tofauti ni wimbi moja na nusu, na msikilizaji yuko mahali pa kupunguzana. Mwanafunzi wa pili, anayesoma masafa kwa maana ya fundi, huona kwamba vipaza sauti vyote viwili vina mitetemo 340, kwa hiyo tofauti ni sifuri, na hujibu kwamba hakuna lolote litakalosikika isipokuwa sauti moja kubwa. Vijana wote wawili wanajua fizikia. Mmoja ameangushwa na mtunga swali.

Rai yetu ni kwamba katika maswali ya mawimbi neno masafa liachwe kabisa. Umbali ambao wimbi limesafiri uitwe njia, na ipatikane tofauti ya njia. Idadi ya mitetemo kwa sekunde iitwe marudio, na ipatikane tofauti ya marudio. Watangazaji na waendelee na masafa yao, kwani hakuna anayewadai hesabu. Na tukumbuke pia kwamba msikilizaji wetu wa mita 5.0 na 6.5 hatasikia kimya kitupu, maana sauti ya kipaza kilicho mbali imefika ikiwa hafifu kuliko ya kile cha karibu. Mawimbi yamepunguzana, hayakufutana.

Kupinda, kuchepuka, kutandaa

Tuje kwenye difraksheni. Padri Francesco Maria Grimaldi wa Bologna, ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1665 baada ya kufa kwake, ndiye aliyeunda jina la Kilatini diffractio, lenye wazo la kuvunjika vipande. Aliona kwamba mwanga ukipita katika tundu dogo huenea kupita mipaka ya kivuli kinachotarajiwa. Alikosa nadharia ya kuhesabia, akatoa jina kwa jinsi alivyoona.

Mfasiri wa leo huvutwa na kitenzi kupinda: wimbi hupinda nyuma ya kizuizi. Hatukubali. Kupinda ni mali ya jambo jingine, lile la mwanga unaotoka hewani na kuingia majini, ambalo hukifanya kijiti kionekane kimevunjika ndani ya bilauri. Jambo hilo lina kanuni yake, inayotokana na mabadiliko ya mwendo wa mwanga kati ya hewa na maji. Wimbi linaloenea nyuma ya ukingo halikubadili mwendo wala halikuingia kitu kipya. Mwanafunzi akiambiwa kuwa mawimbi yote mawili yamepinda, atatafuta pembe mbili na kipimo cha maji na hewa katika swali ambalo halina maji wala hewa.

Kuchepuka ni bora kidogo, maana huonyesha kuacha njia iliyonyooka. Lakini mchepuko siku hizi mitaani ni hawara, na hatuoni sababu ya kumwalika katika kitabu cha fizikia. Kutawanyika nako kumekwisha kuchukuliwa na mwanga unaogawanyika rangi au unaotupwa huku na huko na vumbi.

Tunapendekeza utandaaji, kutoka kutandaa. Kitenzi hiki husema kinachotokea: kitu kilichokuwa kimebanwa kinaenea baada ya kupata nafasi. Mvuvi wa pwani yetu ameliona jambo hili kila siku katika mlango wa mwamba. Mawimbi ya bahari kuu hufika yakiwa yamenyooka, hupenya mlangoni, kisha ndani hutandaa kwa duara. Na mlango ukiwa mwembamba ukilinganishwa na urefu wa wimbi, kutandaa kunazidi. Hili la mwisho ndilo linalowashangaza wanafunzi, kwani hudhani mwanya mwembamba hutoa mwanga mwembamba.

Lakini jina la utandaaji lisimpoteze mtu akadhani kuwa ni kanuni nyingine. Chukua mwanya mmoja wenye upana wa milimita 0.10, mwanga na kiwambo vikiwa vilevile vya swali letu la kwanza. Giza la kwanza liko wapi? Gawa mwanya katika nusu mbili. Pale ambapo njia ya ukingo mmoja imeizidi ya ukingo wa pili kwa wimbi moja zima, kila nukta ya nusu ya juu ina mwenzake katika nusu ya chini aliye mbali naye kwa nusu wimbi, na wawili hao hufutana. Mwanya wote hutoa giza. Umbali wake kiwamboni ni nanometa 600 mara mita 1.5 kugawanya kwa milimita 0.10, yaani milimita 9.0 kila upande.

Angalia sasa hatari iliyopo. Katika mianya miwili, tofauti ya wimbi moja zima ilikuwa alama ya mwanga. Katika mwanya mmoja, tofauti ya wimbi moja zima kati ya kingo zake ni alama ya giza. Umbo la kanuni ni moja, majibu yanapingana. Aliyekariri kanuni hawezi kupambanua. Aliyeshika mjumliko hupambanua bila taabu, kwa sababu anajua anajumlisha nini: mara ya kwanza mawimbi mawili, mara ya pili mawimbi yasiyohesabika yaliyojipanga katika upana wa mwanya. Na akiambiwa kuwa ile mianya miwili kila mmoja ulikuwa na upana wa milimita 0.10, ataweza kusema kuwa ndani ya pazia la katikati, kati ya milimita 9.0 za kushoto na 9.0 za kulia, ataona milia ya mwanga 5 tu: ya sifuri, ya 3.6 na ya 7.2 kwa kila upande.

Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani, katika mihadhara yake iliyochapwa mwaka 1963 alikiri kwamba hakuna aliyefaulu kuipambanua intaferensi na difraksheni kwa namna ya kuridhisha. Ni mazoea ya matumizi, la kwanza kwa vyanzo vichache na la pili kwa vyanzo vingi. Hilo ni fundisho kwa waunda istilahi. Tusiyape mambo mawili mashina yatakayomfanya mtu aamini kuwa yana sababu mbili.

Nguvu ya kujumlisha ilidhihirika Ufaransa. Augustin Fresnel alipoleta nadharia yake ya mawimbi katika shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris, lililoamuliwa mwaka 1819, mmoja wa waamuzi, Poisson, aliyeipinga, alionyesha kwamba kwa hesabu hiyo katikati ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawe na nukta ya mwanga. Aliliona jambo hilo kuwa ni upuuzi. Arago akalijaribu, na nukta ikaonekana. Ukingo wote wa duara uko umbali mmoja na katikati ya kivuli, basi mawimbi yake yote hufika hapo kwa awamu moja na kuongezana. Hakuna jina lililomwonyesha mtu nukta hiyo. Ilionyeshwa na jumla.

Bamvua na maji mafu

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya maabara ya Ulaya na kwamba Kiswahili hakina uzoefu nayo. Tunawajibu kwa maneno mawili ya pwani: bamvua na maji mafu. Bahari huvutwa na mwezi na pia na jua. Mvuto wa mwezi huinua maji kila baada ya saa 12.42, na mvuto wa jua kila baada ya saa 12. Haya ni mawimbi mawili yenye marudio yanayokaribiana, na bahari huyajumlisha. Siku ambazo vilele vyake hukutana, maji hujaa sana na kupwa sana, nayo ni bamvua. Siku ambazo kilele cha moja hukutana na bonde la pili, maji hujaa kidogo na kupwa kidogo, nayo ni maji mafu.

Hesabu yake ni hesabu ya mapigo, sawa na ile ya nyuzi mbili za kanuni ya taarabu ambazo hazijakubaliana. Toa moja chini ya 12.42 kutoka moja chini ya 12, kisha pindua jibu. Utapata saa 355 hivi, ambazo ni siku 14.8, yaani nusu ya mwezi mwandamo. Mabaharia wetu walilijua jibu hilo kabla ya shule, kwa kuangalia mwezi mpevu na mwezi mwandamo.

Na hapa ndipo ile tofauti tuliyoiahidi inapoamua. Kwa hesabu ya nguvu za mvuto peke yake, sehemu ya jua ni kama 0.46 ya ile ya mwezi. Wakati wa bamvua tunapata 1.46, na wakati wa maji mafu tunapata 0.54. Maji mafu hayakufa kabisa; bado hujaa na kupwa. Mwenye kusema mawimbi yamefutana angetarajia bahari isimame, na hakuna mvuvi aliyeiona imesimama. Yamepunguzana.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunaleta mbele ya wasomaji maneno yafuatayo: mjumliko kwa kanuni ya jumla, mjumliko thabiti pale awamu inaposhikamana, kuongezana, kupunguzana, na kufutana kwa hali zake, utandaaji kwa wimbi linaloenea baada ya mwanya au ukingo, mlia kwa mstari wa mwanga au wa giza, pamoja na mlia wa kati, njia na marudio badala ya masafa, upeo na kimo vipambanuliwe, na mwingiliano uachiwe nguvu.

Hatudai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Tunachodai ni utaratibu. Kabla ya neno kuidhinishwa, lipewe walimu walitie ndani ya maswali matatu au manne, na wanafunzi wayafanye bila msaada. Makosa yao yakusanywe na kuchunguzwa. Kosa la hesabu ni la mwanafunzi, lakini wengi wakikosea hatua ileile kwa sababu ya neno lilelile, kosa hilo ni la neno, na neno lirudi kwa waliolitunga. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wenye elimu ya lugha na wenye elimu ya fizikia waketi meza moja, na mbele yao pawe na swali.